Malkia Niliyemfuta Mdomo

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpangusa malkia uso kwa kitambaa chenye maji.

Juzi nililetewa mwanasesere wa Kijapani nimtengeneze. Nilipofungua sanduku, harufu ya kafuri ikanirudisha Rooty Hill, mtaa wa ughaibuni tulikoishi, kwa nyanya Mjapani ambaye mama alimhudumia nyumbani kwake. Kila Jumamosi mama alinichukua kisirisiri. Ofisini walikomwajiri wangejua, angefutwa kazi.

Nyanya alikuwa na wanasesere wa kila namna: wa mbao wasio na mikono, na mwekundu wa mviringo mwenye jicho moja tu, la pili likingoja kuchorwa ombi likitimia. Ila mfalme na malkia, pamoja na watumishi wao, aliwarithi kwa mamake. Kila Machi, kwenye sikukuu ya wasichana, aliwakalisha juu ya kitambaa chekundu, kuwaombea mabinti heri.

Mwaka mmoja, siku ya mwisho ya sikukuu, niliona vumbi shavuni mwa malkia. Mimi sivumilii doa, hata leo. Nikapangusa. Weupe wake, ambao baadaye nilijifunza ni unga wa kombe za chaza na gundi, ukatoka pamoja na mdomo.

Mama alizoea kusema, "Kwa watu tumia macho, mikono iache mfukoni." Nikaficha kitambaa mfukoni.

Sikukuu ilipokwisha, nyanya alitaka wafungwe upesi. Wakichelewa, binti huchelewa kuolewa. "Wangu ana miaka hamsini," alicheka, "lakini tusimkatie tamaa." Alikaa kitini akizifunika nyuso kwa karatasi laini, mimi nikimpelekea mmoja mmoja. Alipobaki malkia, nikamfunika mwenyewe palepale kwenye kitambaa chekundu.

Mwaka mzima, kila simu ya ofisini nilidhani ni ya kumfuta mama kazi. Machi iliporudi, sanduku likiwa mezani, nilimwambia mama kwa Kiingereza, maana kwa Kiswahili ningelia.

"Kamwambie mwenyewe," akasema. "Si mimi niliyemwosha."

Nikamwambia. Nyanya alifunua karatasi, akamwelekeza malkia kwenye mwanga wa dirisha.

"Vumbi tunalitoa kwa manyoya," akasema. Akamkalisha malkia mahali pake, hivyo hivyo bila mdomo. Wageni walipouliza, alijibu, "Kijana wangu huyu ni msafi kupita kiasi." Ofisini hakusema neno.

Nyanya alishafariki, nyumba ikauzwa, malkia akachukuliwa na binti yake. Mimi nikajifundisha kupaka nyuso kwa kutazama video, lakini ule mdomo sikuwahi kuurudisha. Siku hizi nikiharibu kitu cha mtu, nampigia simu siku hiyo hiyo.