Maji ya Magotini

Ufukweni walimwita Bi Chupa, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kila Jumatatu asubuhi, kwa miaka kumi na moja, fundi huyu wa maabara ya maji alishuka na sanduku lake la barafu, akapanda boti bila kumsalimu mtu, akaenda kuchota maji kule mbali kwenye boya, kilindini. Naye hakuwapenda. Waogaji kwake walikuwa watu wa kujisaidia majini, kisha wakatoka na kulalamika kwamba maji yananuka.

Kule kwenye boya alikwenda kwa sababu moja tu. Mkuu wake wa zamani, sasa marehemu, alimfundisha kwamba maji ya ukingoni yana mchanga, na mchanga huziba karatasi ya kuchujia. "Chota kwenye maji meupe, usiniharibie karatasi," alimwambia. Akashika hilo kama msahafu. Miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza ni mtoto gani anayecheza kwenye boya.

Mwezi uliopita boti iligoma. Bi Chupa akavaa mabuti, akaingia mpaka magotini, akachota hapo huku akiitukana injini. Siku ya pili alipofungua kabati la joto la kuoteshea vijidudu, sahani ambayo kwa kawaida huota vidoa thelathini vya bakteria wa kinyesi ilikuwa imejaa, vidoa vimebebana hata havihesabiki. Akadhani amechafua chupa mwenyewe. Akarudia mara tatu, na mara zote tatu ikawa vile vile. Ndipo alipoyafungua madaftari yake, rafu nzima, na yote yalikuwa yameandikwa thelathini, ishirini na tano, arobaini.

Na madaftari hayo hayo ndiyo yaliyokuwa mezani kwa kamati iliyotaka kuweka, kwa mara ya kwanza, kiwango cha bakteria katika maji ya kuogelea. Rasimu ilisema maji yapimwe "mahali pa kawaida", yaani kwenye boya. Ingepita hivyo, ufuko usingefungwa hata siku moja, na watoto wangeendelea kuoga kinyesi kwa idhini ya serikali. Mwenye ufuko alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki.

Siku moja kabla ya kikao dada alimjia nyumbani. Alikataa kiti.

"Mdogo wangu, nasikia unataka kutufungia."

"Nataka wapime magotini, dada. Mwanao ameharisha mara ngapi tangu joto lianze?"

"Ana minyoo tu."

"Minyoo gani hiyo inayongoja aoge kwanza?"

"Wewe ungejua nini habari za watoto? Umezaa?" Neno hilo alilikusudia, na lilifika. "Nimekubeba mgongoni. Niliacha shule ili wewe usome hayo mavijidudu yako. Kesho ukifungua mdomo, mimi na wewe basi."

Bi Chupa akamfungulia mlango. Alikuwa na hasira, lakini aliyoambiwa yote yalikuwa kweli.

Kikaoni mwenyekiti aliyapigapiga kwa kiganja yale madaftari. "Hesabu za mama huyu huyu zinasema maji yetu ni safi. Leo anataka nini?"

"Zifuteni," alisema Bi Chupa. "Nilipima pasipo na watu."

"Kwa hiyo umetudanganya miaka kumi na moja?"

"Nimekosea. Hilo kosa ni langu. Mkilipitisha leo na mmeshajua, litakuwa lenu."

"Kikulacho ki nguoni mwako," shemeji yake, aliyealikwa kama mwenye ufuko, akasema, meza nzima ikasikia.

Mwenyekiti akamsukumia karatasi. Aandike kwa mkono wake kwamba kazi yake yote ni batili kwa uzembe wake, ndipo wataibadilisha rasimu. Alikuwa anatabasamu; alijua kiburi cha mwanamke huyu, na alikuwa na hakika hataandika. Bi Chupa aliandika. Kwenye neno uzembe alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikachanika. Mwenyekiti, aliyekwisha kutamka mbele ya watu, hakuwa na pa kurudi. Rasimu ikasomeka: maji yapimwe magotini, wanapocheza watoto.

Jumatatu iliyofuata alishuka ufukweni na mabuti yake, bila boti. Habari zilikuwa zimemtangulia. Mwuza maboya ya kuogelea alitema mate karibu na buti lake, na mtu mwingine akamrushia mchanga mgongoni. Akaendelea mbele. Ukingoni alisimama dada yake, amemshika mkono binti yake wa miaka sita, yule wa kuharisha.

"Dada, nichukie mimi. Mtoto usimwingize."

Dada alimtazama mdogo wake machoni, akapandisha gauni, akamwongoza mtoto majini mpaka yakamfika magotini.

"Mama mdogo!" mtoto akaita, akapunga mkono. Mama yake akaushusha ule mkono kwa kofi.

Bi Chupa akaingia, akasimama hatua moja kutoka kwao, akainama na kuchota. Mtoto, ambaye hakujua wakubwa wananuniana nini, akajitupa kifudifudi, akaibuka akicheka na kutema maji. Bi Chupa akafunga kifuniko, akaandika saa, na chini yake akaandika: magotini.