Matone Chini ya Ulimi

Cherehani ya jirani yangu hapa mtaani Engutoto imenyamaza. Zamani ilikuwa ikinyamaza kidogo tu, mguu wa mama huyo ukiwa bado kwenye pedali, ili asikilize binti yake Naisiae anavyopumua. Kifafa kilimwangusha mtoto karibu kila siku, hadi mama alipoanza kumdondoshea mafuta ya bangi chini ya ulimi. Polisi walipoingia, chupa ilikuwa mkononi mwake.

"Unamlewesha mtoto, mama?"

"Hayaleweshi, afande. Yanamzuia kuanguka. Ngoja kwanza nimpe."

Vidole vilivyozoea kutunga uzi kwenye sindano vilihesabu matone. Akanikabidhi mtoto, mimi niliyekuwa nimewafuata polisi hadi mlangoni, kisha akawanyooshea chupa. "Isimwagike," akawaambia.

Naisiae yuko kwangu, na ameanza kuanguka tena. Chupa iko kituoni. Mama yake yuko rumande.