Picha ya Dada Kwenye Jalada

Dada yangu ni fundi cherehani, na kama kuna mtu asiye na makuu duniani ni yeye. Yeye anakata na kushona, mimi napiga pasi na kuwafokea wateja wanaotaka nguo leo leo. Mungu hakumjalia mtoto, na hilo alishalikubali zamani. Juu ya duka letu ipo kampuni ndogo ya vitabu: chumba kimoja, watu wawili, maneno mengi kuliko fedha. Wakitaka uso wa kuweka kwenye jalada, hushuka ngazi wakaazima wa jirani. Muuza mkaa ameshatokea kwenye kitabu cha mashairi, na hadi leo anatutambia.

Dada wakamweka kwenye riwaya ya mjane ambaye mwanawe, Kijiti, alizama mtoni. Kitabu kikapendwa kupita kiasi. Wasomaji wakawa wanaingia dukani, wanamtazama, wanamtazama tena, kisha: "Jamani, Mama Kijiti! Pole na msiba."

Mwanzoni tulicheka mpaka mbavu zikauma. "Mimi si mama wa mtu," dada aliwaambia. "Nimewaazima uso tu."

Kisha siku moja mwanamke mmoja alimshika mkono akalia, naye dada akamjibu taratibu, "Nimeshapoa, mama. Kazi ya Mungu haina makosa." Nilidhani anatania. Wiki ileile akashona kaptura na shati la mtoto mdogo, vifungo vya rangi. Nikamuuliza ni za mteja gani.

"Akirudi akakosa nguo, nitamwambia nini?" akanijibu, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyerukwa na akili.

Shemeji, mume wake, alisema ni uchovu. Uchovu gani huo! Mtu aliyechoka hulala. Dada alikuwa anadamka, anakwenda mtoni peke yake, anarudi na pindo la gauni limelowa.

Ndipo wale wa juu wakasambaza karatasi yao ya kila mwezi, ile ya habari za kampuni na vitabu vipya. Dada aliisoma akiwa amesimama. Sehemu ya pili ya riwaya inakuja, wameandika: mjane anamfuata mwanawe majini, harudi. Picha ya jalada ni ileile. Dada hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: "Kinatoka lini?"

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikapanda ngazi mbio. Mhariri, mzee mpole wa miwani, alinisogezea kiti nikakikataa.

"Mzee, badilisheni huo mwisho. Dada yangu atakufa."

"Mwanangu, mwisho ni wa mwandishi. Mimi nachapa tu."

"Basi mtoeni kwenye jalada."

"Nimuweke nani? Wasomaji wanamjua mjane wao. Lazima awe anayefanana naye."

Mimi na dada tunafanana kama shilingi kwa ya pili. Tangu utotoni walimu walikuwa wananichapa kwa makosa yake.

"Nipige mimi," nikasema.

Alinipiga picha palepale, karibu na dirisha. Aliniambia niangalie chini kidogo, kama mtu anayetazama maji. Nikaangalia.

Kitabu kilipotoka, dada akapona. Sina neno jingine la kulieleza. Aliikuta ile kaptura kabatini, akauliza ni ya nani, akampa jirani mwenye mtoto. Akarudi kwenye vicheko vyake na ugomvi wake na shemeji juu ya chumvi. Nilimshukuru Mungu mpaka machozi yakanitoka. Wasomaji sasa walinijia mimi na pole zao, nami niliwatimua, maana upole wote nyumbani kwetu aliuchukua yeye.

Jana mchana duka lilijaa wateja. Dada alisimamisha cherehani ghafla, akanigeukia.

"We, unamnyamazisha nani?"

Kidole changu kilikuwa mdomoni. Nilikuwa nimechutama chini ya meza ya pasi, na sikumbuki niliinama saa ngapi.

"Hakuna mtu," nikamjibu, nikaendelea kumkausha Kijiti nywele.