Kinachomshinda Pepo

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Hata leo simu ikilia alfajiri nawaza msiba kabla sijaishika. Lakini ile wiki kijijini Gatitu, mwishoni mwa miaka ya tisini, hata mwenye moyo wa jiwe angehangaika. Mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu alikuwa amemwambia shosho, bibi yangu, kwamba Jumamosi watakuja kufanya maombi kwetu, na wakimaliza kuomba, watauchoma mchezo wa binamu yangu.

Mchezo wenyewe ulikuwa kimashine cha kijivu cha kuenea kiganjani. Binamu alikuja nacho kutoka ng'ambo, siku ileile lilipofika jeneza la baba yake. Huyo baba yake alikuwa mjomba wangu, kifungua mimba wa shosho. Tulimzika chini kule kwenye kahawa, mama yake binamu akarudi ng'ambo kumalizia mambo ya nyumba na kazi, na mtoto akaachwa kwetu mpaka atakapoitwa. Mimi nilikuwa nakaa kwa shosho kwa sababu ya shule. Binamu hakujua Kikuyu, Kiswahili chake kilikuwa kile cha "jambo" cha watalii, na Kiingereza cha shosho kiliishia "gudi moni". Basi nikawa mdomo wa wote wawili, na kazi hiyo, haki ya Mungu, nisingemtakia adui yangu.

Mwenyekiti aliuona mchezo alipokuja kutupa pole. Alichungulia kile kioo kidogo akakuta majitu mawili yanatemeana moto, akaweka kikombe chini na chai bado imejaa. Miaka ile mimbari zote zilikuwa na habari za waabudu shetani, na mwaka wa elfu mbili ulikuwa umekaribia, na wako watu walioamini kabisa kwamba hautafika. Muda mfupi kabla ya hapo kina mama hao walikuwa wamechoma jezi ya kijana wa jirani, nyuma ya posho mill ya kusagia unga, kisa ilikuwa na picha ya fuvu. Sawa, jezi ni nguo, mtu atanunua nyingine mitumbani. Binamu hakuwa na kingine. Alikula kama kifaranga, hakucheza na mtu, na kitu pekee kilichomfungua kinywa akaniambia zaidi ya ndiyo na hapana kilikuwa kimashine hicho. Wakikichoma, niliwaza, huyu mtoto atanyamaza moja kwa moja.

Nilipomwambia, sikuona hata chozi. Alifikiri, kisha akasema kwa Kiingereza chake cha puani kwamba watu huogopa wasichokielewa. Mchezo una sheria: unakamata wanyama, unawalea, unawapambanisha. Kila mnyama ana aina yake, na kila aina ina inachokishinda na kinachoishinda. Akipewa nafasi aeleze, nani atachoma kitu chenye maana? Nikajisemea, wewe mtoto, humjui mwenyekiti wetu. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, kwa hiyo wiki nzima nikitoka shule tuliketi kwenye ngazi za jikoni akanifundisha sheria zake, nami nikawa natafuta maneno. Neno "zimwi" nililitupa mapema. Nikaamua nitasema wanyama, tena wanyama tu, kama mbuzi.

Jumamosi wakaja watatu, na vitambaa vyao vyeupe vya kichwani. Shosho aliwapa chai, akawaambia kabla ya maombi mtoto asikilizwe, maana hata mwizi husikilizwa. Mwenyekiti akatazama saa yake akakubali. Jiko la makaa lilikuwa hapo mlangoni, limewaka vizuri, na mimi macho hayakunitoka kwenye makaa hayo.

Tukaanza. Binamu anasema, natafsiri. Moto hushinda majani. Hapo hakukuwa na ubishi. Maji hushinda moto. Wakaitikia kwa vichwa. Majani hushinda maji. Mwenyekiti akacheka, na kicheko chake hakikuwa kizuri. Akauliza tangu lini, na kila mwenye shamba anajua maji ndiyo hulisha majani. Niligeuka kumuuliza binamu, lakini shosho alikuwa ameshaingilia.

Akawauliza mikaratusi iliyopandwa kule juu ya kijito ilikunywa nini, kama si ile chemchemi yote, mpaka nduma za watu zikakaukia udongoni. Wee! Hapo mambo yakageuka. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amekosana na jirani kwa sababu ya miti hiyo, na alisimulia ugomvi wote upya, nasi tukasubiri. Alipotulia akasema endelea. Nikasema barafu huua majani, na yule mama wa pili, ambaye dada yake analima Naro Moru, akakumbuka viazi vilivyochomwa na baridi vikawa vyeusi shambani. Nikasema stima, yaani umeme, haiwezi kitu mbele ya udongo. Yule wa tatu, mke wa fundi wa stima, akawaeleza wenzake habari za ule waya unaozikwa ardhini ili stima ikafie huko, tena kwa maringo, kama aliyeutunga mchezo ni yeye. Chai ikaongezwa. Nilimtazama binamu nikaona anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba yake, na mimi nikaanza kupumua.

"Na pepo?" mwenyekiti akauliza. "Hakuna pepo humo ndani?"

Nilitafsiri taratibu sana, huku nikimkodolea binamu macho aseme hakuna. Akasema wako. Iko aina ya pepo. Mwenyekiti akataka kujua kinachowashinda ni nini. Binamu alijibu haraka, amefurahi, maana alidhani bado tunaendelea vizuri. Ngumi haimwezi, akasema, inapita katikati yake kama moshi. Anayemweza pepo ni pepo mwenzake.

Niliwaza niseme maji, au niseme mwanga, nani angejua? Lakini wote walikuwa wananitazama, shosho pia, na mimi sikuwahi kumdanganya shosho akiwa ananitazama. Binamu alidhani nimeshindwa na maneno. Akanyanyua ngumi zake mbili, akazigonganisha mbele ya kina mama, akatumia lile neno alilolisikia kwa mwenyekiti: pepo, pepo. Akatutazama kuona kama tumeelewa.

Tulikuwa tumeelewa. Mwenyekiti akaweka kikombe chini, akasema pepo hafukuzwi na pepo, hiyo hata mtoto wa Sunday school anajua, na kitu kinachofundisha watoto hivyo kinajulikana kimetoka wapi. Akanyoosha mkono apewe kimashine. Binamu akakibana tumboni.

"Ngoja," shosho akasema. "Muulize kama yeye mwenyewe ako na huyo pepo."

Alikuwa naye mmoja. Shosho akauliza kama anaweza kumtoa. Binamu alikitazama kimashine, kisha akasema ndiyo, iko mahali humo ndani ambapo mtu humwachilia mnyama wake aende. Shosho akawageukia wenzake, akawaambia nyoka akiingia nyumbani mtu hachomi nyumba. Amtoe huyo, hiyo ingine ibaki. Wakanong'onezana. Mwenyekiti hakupenda, lakini alikuwa amekunywa chai ya mfiwa, na mwishowe akakubali.

Nilifurahi jamani! Nilitafsiri nikikimbia, meno yote nje. Binamu akaniuliza, huyo tu? Nikamwambia huyo tu, na wengine wote utabaki nao, sasa unangoja nini. Akainamisha kichwa. Kidole kikakaa juu ya kitufe muda mrefu mpaka nikaogopa kina mama wataghairi, nikamgusa bega. Akabonyeza. Akasema ametoka.

Mwenyekiti akauliza kama anaweza kurudi. Hapo binamu angesema hapana na mambo yangeisha. Badala yake akaeleza, mtoto wa watu, kwamba ndiyo, akizima bila kuhifadhi na kuwasha tena, atamkuta amerudi palepale. Akishahifadhi, basi, hakuna njia. Nikatafsiri. Mwenyekiti akasema ahifadhi. Akahifadhi, akawageuzia kioo waone. Wakaimba, wakaomba kwa sauti, mikono yao ikiwa juu ya kichwa chake, wakaondoka wameridhika, na sisi tukabaki na mchezo wetu. Niliosha vikombe nikijisifu moyoni.

Shosho ndiye aliyegundua mtoto haonekani. Tulimkuta nyuma ya jikoni, amekaa juu ya kuni, kimashine kimezimwa magotini. Alikuwa analia bila sauti. Shosho akasema muulize anaumwa wapi.

Nikamuuliza, kwa ukali kidogo, maana nilidhani ni deko. Akaniambia kwamba pepo yule haanzi hivyo. Mtu humkamata akiwa mdogo, humlea, na ile sura yake ya mwisho haitoki mpaka mtu mmoja ampe mwenzake, kutoka mashine moja hadi nyingine, kwa waya. Baba yake naye alikuwa na mashine yake. Walikuwa wakicheza pamoja akitoka kazini, na alipolazwa waliendelea kitandani pake. Yule pepo ni baba yake aliyemkamata na kumlea, na akampa hospitalini wiki ile ya mwisho. Na hata umpe nani, jina la aliyemkamata halifutiki. Kila ukimfungua linatokea. Alikuwa akimfungua kila siku kabla ya kulala, akaniambia, hachezi, anasoma tu jina.

"Anasema nini?" shosho akauliza.

Nilitafuta njia ya kulainisha, sikuipata. Nikamwambia kama nilivyoambiwa. Shosho akauliza tena hapo kwenye jina. Jina la nani? Limeandikwa kabisa, herufi zake? Nikasema ndiyo, shosho, jina la mjomba. Akapangusa mikono kwenye leso, na mikono yenyewe haikuwa na maji.

"Mwambie amrudishe."

Kiingereza chote cha shule kilikuwa kimenitoka. Shosho akarudia, sasa kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake hata siku ya mazishi: "Mwambie mtoto amrudishe."

Binamu hakuningoja. Alimtazama shosho usoni, akamwelewa bila mimi, akatafuta maneno, akayatamka mwenyewe kwa Kikuyu chetu, kwa shida, kila neno na mahali pake.

"Ameenda, shosho."