Viganja vya Baba

Mwezi uliopita, nikirudi Uvira baada ya masomo, nilipita penye ghala la pamba ambamo baba yangu alikuwa karani. Mabati yameng'olewa, mbuzi wanalala ndani. Wewe uliyekulia ufuko huu wa ziwa utaikumbuka harufu yake: magunia, vumbi, na ndagala, dagaa wetu, walioanikwa ng'ambo ya barabara.

Baada ya uhuru wazungu wa pamba walikwenda zao, ghala likafungwa. Baba hakukubali kwamba kazi imekwisha. Kila asubuhi alivaa shati jeupe na viatu, akaenda kuketi mbele ya mlango uliofungwa, kisha akarudi saa ya chakula kama mtu aliyechoka. Aliyetulisha ni mama, kwa mihogo na sombe, majani yake, alivyouza sokoni. Jambo hilo hatukulizungumza.

Kisha uasi dhidi ya serikali ukaingia bondeni, kaskazini mwa mji. Wanawake waliokimbia kutoka Mutarule walitueleza kwamba vijana wenye bunduki waliwasimamisha wanaume barabarani na kutazama viganja vyao. Mwenye viganja laini aliitwa mtu wa wazungu, na hakuonekana tena. Tangu siku hiyo kila tulipokula niliitazama mikono ya baba, laini kama ya padri.

"Baba watoto, utatufia mu hizi viatu," mama alimwambia. Akavizika shambani, akampeleka kwa jirani yetu mvuvi akakokote wavu na wengine kwa wimbo.

Baba alikokota vibaya. Kamba ilimchubua, wavuvi wakacheka.

"Karani, wavu haisikiake Kifaransa," jirani alisema. "Vuta."

Jioni nyanya yangu alimpaka mawese, akinung'unika kwamba malengelenge mapya ni mabaya kuliko ngozi laini, kwa kuwa yanamwonyesha mtu aliyeanza kujificha juzi.

Vijana wenye bunduki wakaja asubuhi, wavu ungali nusu majini. Kijana mmoja, majani yamefungwa kichwani, aliushika mkono wa baba, akaugeuza. Malengelenge yalikuwa yakichuruzika maji.

"Weye ulianza lini kuvua?"

Jirani akamwahi baba kujibu, bila kuiachia kamba yake.

"Huyu? Huyu iko muvivu. Muke yake njo anamulishaka. Leo njo tumemutoa mu kitanda."

Wavuvi wakacheka. Mama, aliyekuwa kando na kikapu, alitazama mchanga.

"Ni kweli?" kijana aliuliza.

"Ni kweli," baba alijibu, akainamisha kichwa.

Kijana naye akacheka, akauachia mkono.

Amani iliporudi, ofisi zilifunguliwa, zikatafuta watu wanaojua kuandika. Baba hakwenda. Jina la Muvivu lilimganda. Watoto wa Rugenge, mtaa wetu, walimwita hivyo njiani, naye aliitika. Mimi, niliyefundishwa shuleni kwamba heshima ya mtu ni kazi yake, na bado naamini hivyo, nilikasirika kwa niaba yake. Siku moja nikamsihi akaombe kazi. Alikuwa akishona wavu, hakuinua macho.

"Mutoto yangu, karani wanamutafutaka. Muvivu, hakuna mwenye anamutafuta."

Jirani amekwisha kufariki, na ufukoni pale hawakokoti tena wavu kwa wimbo. Baba ningali naye. Hata hivyo asubuhi ile ilimchukua mtu niliyempenda, karani wa shati jeupe, na hakuna aliyemlilia.