Tondeuse ya baba ya binti

Kwetu Nyamianda, muntu akiwa na kipande ya udongo pembeni ya nyumba, anapanda lengalenga. Akiwa na kipande mukubwa, anaongeza muhogo. Baba mukwe wangu yeye alipanda majani. Majani tu. Haiko ya kula, haiko ya kuuzisha, haiponeshe hata tumbo. Anaita ile kintu «pelouse», na akiitaja anasimama sawa vile muntu mwenye anaimba wimbo ya taifa. Urefu hatua kumi na mbili, upana hatua sita. Alikuwaka directeur wa shule mbele ya kuenda pensio, na ile majani njo wanafunzi alibakia nao.

Mbuzi ya nyumba walimufunga nyuma, karibu na jikoni, na kamba mufupi kabisa. Alikuwa anasikia harufu ya chakula yake yote upande ya mbele, anakula maganda ya ndizi. Sijaona mateso kama ile.

Sasa majani haikatwe na panga. Apana! Panga ni ya washamba. Panga haiombe esanse, ni kusema petroli, haiharibike, na haipige kelele ya kutosha ili majirani wajue kama pale kunaishi muntu mukubwa. Baba yeye iko na tondeuse, mashini ya esanse ya kukata majani, na magurudumu yake mane na mukono ya kusukuma. Ilitoka kwa wazungu fulani wenye mama ya nyumba alikuwa anawapikia. Wakati walihama, mama aliomba sufuria. Walimupa sufuria na tondeuse. Sufuria inapika mpaka leo. Tondeuse ilikata mara mbili, ikakufa.

Ile wakati yeye hakuwa bado baba mukwe. Alikuwa tu baba ya binti mwenye minye nilipenda. Na kazi yangu ni kwado: naziba mipira ya pikipiki pembeni ya barabara, nikiwa na pompe moja na beseni moja ya maji. Shule niliishia primaire ya sita, na hata ile ya sita walinipandisha juu walichoka kuniona. Binti nilimuambia niko mekanisye. Ni uongo kadogo, karibu inaweza kuingia mu mufuko. Binti akaambia mama yake kama niko mekanisye wa motere zote. Mama akaambia baba. Wakati ile uongo ilifika kwa baba, ilikuwa imeshaota ndevu: minye ni enjenyeri.

Nikatuma barua ya kuomba binti, na majina ya wazee wangu wa Lemera wenye watakuya kuzungumuza mahari, vile desturi inasema. Baba hakuifungua. Aliiweka mu mufuko ya shati, akaniitisha Jumamosi, siku ya posho, asubui.

«Weye njo enjenyeri?»

«Kidogo, Baba.»

«Enjenyeri kidogo haiko. Iko enjenyeri, ao iko muongo.» Akanionyesha tondeuse. «Hii kintu ikikata majani yangu mbele ya saa sita, nafungua barua yako. Isipokata, nakurudishia barua na enveloppe yake, safi. Utaitumia tena kwa baba mwingine, hata hautanunua ingine.»

Muntu wa huruma kweli.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Akanikataza kufungua motere kwenye pelouse, juu mafuta ingeweza kudondoka pale, majani ikakasirika. Akanituma nyuma ya nyumba. Yeye akabakia mbele kwenye barza, na radio yake.

Nyuma ya nyumba ni wapi? Ni mbele ya mulango ya jikoni. Na jikoni ni nani? Ni mama ya binti.

Mwenye hajue kwetu, aelewe: mwanaume mwenye anaomba binti hazungumuze na mama mukwe macho kwa macho. Hamuangalie, hamupe mukono, hakule mbele yake, mpaka mambo imalizike. Na yeye vilevile haseme naye kintu. Heshima. Sasa nielezee, utatengeneza mashini yenye iko chini namna gani bila kuinama? Na ukiinama, utageuzia nani matako? Nilifanya kazi yote nikizunguka ile tondeuse kama jogoo, uso ku jikoni, mugongo ku ukuta. Mama alifunga nusu ya mulango. Ndani kulikuwa ndagala inakaangwa. Sikukuwa nimekula tangu jana. Heshima ni kintu ya muzuri sana.

Nikavuta kamba ya kuwashia. Ikakohoa. Nikavuta tena. Ikakohoa kama muzee mwenye hataki kuamuka. Nilivuta mpaka bega ikanza kuniuliza kama tunatafuta nini. Nikatoa bougie, yenye inatoa cheche ya kuwasha motere: nyeusi, imelowa mafuta. Nikaipangusa, nikaisugua na papier ya musasa, nikairudisha, nikavuta. Ikakohoa.

Njo pale sauti ilitoka jikoni.

«Weye mbuzi!»

Nikasimama.

«Weye mbuzi, wanaume wengine watavuta kamba mpaka Noeli. Hawanusake kwanza ile esanse yenye iko ndani?»

Mbuzi aliniangalia. Minye pia nilimuangalia. Kwa ile nyumba hakukuwa muntu mwingine wa kuzungumuza naye.

Nikafungua kifuniko, nikanusa. Melanje! Hapa kwetu ku ziwa, kila motere kadogo watu wanaihesabia motere ya mutumbwi, na motere ya mutumbwi wanaitiliaka esanse yenye imechanganywa na mafuta. Lakini tondeuse mafuta yake iko na fasi yayo, pembeni, na kifuniko yayo. Baba alitia mafuta kule, akatia tena ingine ndani ya esanse, kusudi mashini ishibe. Ni kama muntu anatia chumvi mu mboga ya sombe, kisha anatia ingine mu kinywa.

Nikamwanga yote mu bidon, nikakimbia kwa kona kununua chupa ya esanse safi. Nikarudi. Nikafungua filtre ya hewa, kale kasponji kenye kanazuia vumbi. Sponji gani? Ilikuwa nyumba ya sungusungu, na familia ilikuwa kubwa. Nikawafukuza, nikaifua na sabuni ya unga, nikaikamua, nikaianika pa jua. Kwado anajua maji na sabuni. Hapo hata enjenyeri wa Bujumbura hangenifundisha.

Wakati filtre ilikauka nikairudisha, na kiburi ikaniingia. Nikasema: acha niangalie na chini. Nikailalisha mashini kwa ubavu. Ubavu gani? Wenye ulikuwa karibu. Nikaangalia, nikatingisha kichwa kama docta, nikaisimamisha, nikavuta.

Ikawaka! Lakini na moshi mweupe, mingi, kama Papa amechaguliwa mara tatu. Ilifunika kiwanja yote ya nyuma, ikaingia jikoni, mbuzi akapotea, nikasikia tu anapiga chafya.

Na mama pia, anakohoa: «Mbuzi! Minye niliwaza leo tunakausha samaki. Kumbe mukwe wangu anatukausha sisi!»

Mukwe wangu. Alisema vile. Nilizima mashini ili nisikie kama atarudilia. Hakurudilia. Alisema tu, na sauti ya chini:

«Mbuzi, ule mufanyakazi wa majani wa wazungu nilimuonaka kila juma. Akiilalisha, bougie inaangalia mbinguni. Haiangalie udongo hata siku moja, juu mafuta inakimbilia mu filtre.»

Basi nikafua filtre mara ya pili. Sungusungu walikuwa wameshaanza kurudi. Nikapangusa bougie mara ya pili. Nikapima mafuta, nikaongeza kidogo. Nikavuta. Moshi ikatoka, ikapungua, ikaisha. Motere ikaimba sawasawa. Baba alikuja kukimbia, na radio yake mu kwapa, akajifanya anatembea.

«Inalia,» alisema.

«Inalia, Baba.»

«Kulia haiko kukata.»

Saa tano na nusu. Nikaipeleka mbele. Majirani walikuwa wameshapanda ku lupango, uzio ya nyumba, wengine na watoto mu mugongo. Nikasukuma hatua zote kumi na mbili, kelele mingi, vumbi mingi, nikageuka kuangalia kazi yangu.

Majani yote ilikuwa pale. Hata moja haikukatika. Ililala tu upande mumoja, vizuri sana, kama kichwa ya mutoto siku ya kwanza ya masomo.

Ku lupango walicheka mpaka mumoja akaanguka upande yake.

Baba aliniuliza pole pole: «Enjenyeri. Nilikuomba unyoe, ao uchane?» Na akagusa mufuko ya shati, pale barua iko. Binti alikuwa ku dirisha. Alifunga rido, pazia yake. Ile rido iliniuma kuliko kicheko ya watu wote.

Nikarudi nyuma. Zilibakia dakika makumi mbili. Kwanza nikatoa waya ya bougie, juu kidole njo mali moja yenye minye niko nayo. Nikailalisha, bougie ikiangalia mbinguni. Nikaangalia kisu yake. Ilikuwa na makali, imenolewa vizuri kabisa. Sikuelewa.

Jikoni, kijiko ilisimama ndani ya sufuria.

«Weye mbuzi. Ukivaa kiatu, kisigino mbele, utafika Bwegera?»

Mbuzi alitafuna.

«Muzee alitoa kile kisu yeye moja, akakinoa yeye moja, akakirudisha yeye moja. Minye niliona. Yale mabawa yake, kwa wazungu ilikuwa inaangalia juu, upande ya motere. Lakini sikusema kintu, juu ni bwana yangu. Na mwenye atamuambia, huyo akaoe fasi ingine.»

Nikafungua bulo yenye inashika kisu. Ilikuwa imekazwa na nguvu ya directeur muzima; nilipanda juu ya funguo na mguu. Nikageuza kisu, nikakaza. Nikarudisha waya. Sikuweza kumushukuru mama, basi nilimuambia mbuzi: «Aksanti sana.» Jikoni kuliguna muntu.

Nikasukuma mara ya pili. Safari hii majani iliruka. Ilitoka pembeni kama mvua ya kijani, ikaingia mu viatu vyangu, mu ndevu zangu, na nyuma ilibakia njia mufupi, sawa, kama mukeka. Ku lupango hakukucheka muntu. Watu wa Nyamianda wanapenda kucheka, kama haiko ya kucheka wanaenda kwao.

Baba aliinama, akapima majani na vidole viwili.

«Ilikuwa na nini?»

«Kisu ilifungwa mbaya, Baba. Chini ilikuwa juu.»

Alisimama. «Nani aliifunga mbaya?»

 Kusema kweli ni kazi ya watu wenye wameshaoa.

«Ni fabrique, Baba. Kiwanda ya kule kwa wazungu.»

«Fabrique.»

«Wanafungaka haraka, saa ya kula ikifika.»

Aliniangalia murefu. Ule muntu alisikiliza uongo ya watoto miaka yote ya kazi yake. Aliijua kwa harufu. Aliangalia ku dirisha, akaangalia nyuma ya nyumba, akaniangalia tena.

«Hata minye,» alisema, «niliwazaka ni fabrique.»

Akatoa barua, akapasua enveloppe na kidole, akasoma pale pale, amesimama kwenye jua, mara mbili.  Aliirudisha mu mufuko, akaninyanganya mukono ya tondeuse, akaanza kusukuma yeye moja. Alikata kipande chenye kilibakia, akakata tena chenye nilikuwa nimekata, akapita karibu na lupango mara tatu, pole pole, ili wenye walienda warudi.

Kisha akazima. Masikio ilibakia inalia.

«Wazee wako wa Lemera, wakikuya, watakuwa wangapi?»

«Watano, Baba.»

Alipima pelouse na macho, kona kwa kona.

«Viti tano vitaenea hapa katikati,» alisema. «Lakini uwaambie wapanguse miguu ku barabara.»