Neno ambalo Kulthumu hawezi kulitaja

Haya nimeambiwa na Kulthumu mwenyewe, Jumatatu hii, nilipompelekea kitenge changu ashone.

Asubuhi Gitega bado ina baridi. Kulthumu amekaa kwenye cherehani yake, mguu unakanyaga, midomo inanong'ona. Hapo anashona na kutunga mashairi pamoja. Cherehani ikienda sawa, anasema, na mizani inakaa sawa.

Kutunga alianza kwao Muyinga, kwa mama yake mzazi, aitwaye Layla. Mama huyo alikuwa akituma watoto sokoni kwa vina ili wasisahau: "Chumvi na sabuni, usicheze njiani!" Hata kugombeza, aligombeza kwa vina.

Kisha Kulthumu akaolewa Gitega. Na huku, jamani, baba mkwe anaitwa Matata.

Wajua desturi yetu: mke hataji jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Sasa mtunga mashairi ataishije bila neno hilo? Ugomvi ameuita "mvua ya ndani ya nyumba". Shida kaziita "miiba ya njia ndogo". Watu wakapenda maneno hayo, wakaanza kumwita kwenye arusi.

"Mama alinipa vina," anasema akicheka. "Baba mkwe akanipa kazi ya kuvitafuta."

Jumamosi iliyopita ilikuwa arusi ya wifi yake Latifa. Mzee Matata mwenyewe ndiye aliyesema, "Mkaza mwana atusomee." Mama Layla akaja toka Muyinga kusikiliza. Kulthumu akaogopa kweli. Ulimi ukiteleza mbele ya wakwe, watasema mama yake hakumfunza adabu.

Akasimama, akaanza:

*Latifa mwali wa kwetu, mume mwema umepata,*
*Mle pamoja wawili, mshikane kama nta,*
*Mlango wenu mfunge, yasiingie ma…*

Akanyamaza. Alikuwa ameandaa "ya vita", lakini ulimi ulikimbilia kule kule kulikokatazwa. Kila mmoja ameshajua neno lililobaki.

"We shemeji, umekwama wapi?" Nassoro, mdogo wa mume wake, akamchokoza. "Hiyo neno iko wapi? Malizia basi!"

"Nyamaza we, malizia mwenyewe!" Kulthumu akamjibu.

Mama Layla akajifunika uso kwa mtandio.

Ndipo mzee akainuka polepole, na fimbo yake.

"Matata!" akapiga kelele. "Ndilo jina langu, sikuliiba kwa mtu. Lakini mkinifungia mlango wa binti yangu, mi nitapita dirishani!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Vigelegele vikapigwa, na bibi arusi akacheka mpaka wanja ukamchuruzika.

Kulthumu akapiga magoti kuomba radhi. Mzee akamwinua.

"Kwenye shairi, ruhusa. Jikoni, bado!"

"Ndiyo, Baba."

Idi ikifika Kulthumu ataenda Muyinga kusoma shairi jipya akiwa na mama yake, mmoja akianza, mwenzake akijibu. Neno lile litakuwamo, tena mstari wa kwanza.

Alasiri ile ya arusi, baada ya pilau, watu walijilaza kwenye mikeka. Mzee Matata akalala wa kwanza, akikoroma. Mama na binti wakabaki wakitupiana vina kwa sauti ndogo. Mama akatoa kimoja, akasinzia kabla ya kujibiwa. Kulthumu akamjibu hivyo hivyo, akaweka kichwa begani pake, naye akalala.